Kibubu cha Misumari: Tathmini ya Fundi Cherehani wa Igoma

Kibubu ninachokitathmini hapa ni sanduku la mbao za paini lenye urefu wa sentimita 30, upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 20, lenye tundu moja jembamba juu yake la kutumbukizia fedha. Hakina mlango, bawaba wala kufuli. Mbao zake zote zimegandishwa kwa gundi kisha zikapigiliwa misumari, na anayetaka kuzitoa fedha zilizomo hana njia nyingine ila kukivunja. Nilikiagiza kwa seremala mmoja wa Mabatini, hapa jijini Mwanza, kwa shilingi 7,000, bei iliyojumuisha msasa, vanishi na maandishi ya rangi ubavuni. Vipo vya bei nafuu zaidi, vya plaiwudi nyembamba, ambavyo wamachinga huvizungusha mitaani na kuvipanga pembezoni mwa masoko. Vipo vya bati vilivyochomelewa. Na vipo vya plastiki vyenye umbo la nyumba au mnyama, ambavyo kwa maoni yangu vinawafaa watoto tu, kwa kuwa kizibo chake cha chini hufunguka kwa kidole.

Watu wengi wakikizungumzia kibubu hukipima kwa swali moja, yaani kama fedha zitakuwa salama ndani yake. Kwa kipimo hicho kibubu hakifui dafu mbele ya benki, na nitalieleza hilo baadaye. Mimi nilikinunua kwa kazi nyingine: kunishikilia kwenye lengo moja mpaka litimie, katika mji ambao kila wiki una jambo jipya la kumvutia mtu mwenye fedha kidogo mkononi. Hiyo ndiyo kazi ninayokipimia, na katika kazi hiyo nimekiona kuwa bora kuliko njia zote nilizowahi kuzitumia.

Lengo langu lilikuwa mashine ya ovaloki. Kwa wasioijua kazi yetu, ovaloki ndiyo inayokata na kufunga kingo za kitambaa ili nyuzi zisichomoke nguo inapofuliwa, na bila hiyo gauni lililoshonwa vizuri kwa nje huonekana kazi ya mwanagenzi likigeuzwa ndani. Fundi asiyekuwa nayo hubeba nguo zake na kuzipeleka kwa mwenye nayo, analipia kila nguo, anasubiri zamu yake, na wakati wa msimu anarudi na mzigo usiokamilika huku mteja amekaa kwenye benchi la kibanda akimngoja. Mashine niliyoitaka, ya nyuzi nne na yenye mota yake, ilitajwa madukani mjini kwa bei ya takriban shilingi 800,000. Kwa kibanda cha Igoma hizo si fedha za mwezi mmoja. Ni fedha za kudunduliza, na kudunduliza kuna adui mmoja mkubwa, ambaye ni jambo jipya linalokuja ukiwa umefika katikati ya njia.

Ningependa nilieleze jambo hilo jipya kwa uangalifu, kwa sababu mawaidha mengi kuhusu akiba husema habari za anasa, pombe na kubeti, kana kwamba anayeshindwa kutimiza lengo lake lazima awe mtu wa starehe. Sivyo nionavyo mimi. Fundi anayeamka alfajiri na kufunga kibanda giza likiwa limeingia haangushwi na pombe. Huangushwa na mambo mazuri, yenye faida, yanayopendekezwa na watu wema wenye nia njema, ambayo kosa lake pekee ni kwamba siyo yale aliyoyaanza.

Chukua mfano wa dagaa. Mtu yeyote anayefika Mwaloni Kirumba anaona biashara iliyo hai, magunia yanapakiwa, wanunuzi wanatoka mikoa mingine na nchi jirani, na hesabu yake inaeleweka hata kwa asiyesoma: dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, hupungua wakati wa mbalamwezi, kwa hiyo anayenunua wanapojaa na kukausha vizuri anaweza kuuza bei inapopanda. Jirani yangu anayefanya biashara hiyo alinishauri niingize fedha zangu kwa mzunguko mmoja tu, kisha nirudi kwenye ovaloki nikiwa na nyongeza. Alikuwa mkweli, na yeye mwenyewe dagaa wamemjengea nyumba. Ila dagaa wanataka mtu wa dagaa, anayejua kuamka usiku kwenda mwaloni, anayejua mchanga ulipochanganywa na mzigo, anayejua mvua ikinyesha juu ya mali iliyoanikwa afanye nini. Mimi ninajua kukata suti ya kike.

Kisha vikaja vizimba. Ufugaji wa sato ndani ya ziwa kwa kutumia vizimba umepata nguvu sana katika miaka ya karibuni kwenye mwambao wetu, serikali imeuhimiza kwa mikopo, na kila kikundi cha akina mama ninachokijua kimewahi kuujadili. Nao ni mradi wa kweli. Lakini samaki huhitaji miezi kadhaa ya kulishwa kabla ya kuuzwa, na chakula chao ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya gharama, kwa hiyo mtu anayeingia na fedha za nusu ya safari hujikuta anatafuta nusu nyingine kwa kukopa. Baada ya vizimba kulikuwa na vitenge vipya ambavyo mteja mmoja alinihakikishia kwamba vitaisha kabla ya sikukuu, halafu simu za kulipia kidogo kidogo kila siku, halafu kuku chotara. Kila kimoja kilikuwa na hesabu iliyokubali kwenye karatasi. Kama ningekubali vyote ningekuwa leo na mizigo mitano isiyofika sokoni, na nguo zangu ningeendelea kuzipeleka kwa jirani kufungwa kingo.

Ugumu unaongezeka kwa sababu ya namna fedha zetu zinavyoingia. Fundi cherehani hapati mshahara wa mwezi. Kwa sehemu kubwa ya mwaka anapata kidogo kidogo, suruali ya kupunguza kiuno leo, zipu kesho, kisha Desemba na Januari sare za shule zinamwaga fedha kwa mkupuo, na sikukuu za Idi na Krismasi zinaongeza. Wakati huohuo wa fedha ndio wakati ambao kila mwenye wazo jipya naye anapita, kwa kuwa watu wa mtaani wanaijua kalenda ya fundi sawasawa na fundi mwenyewe. Kipimo cha kifaa chochote cha kulinda lengo ni namna kinavyofanya kazi katika wiki hizo.

Hapo ndipo kibubu cha misumari kilipoonyesha thamani yake, na kilifanya hivyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni maandishi. Nilimwomba seremala aandike ubavuni, kwa rangi nyekundu na herufi kubwa, OVALOKI NYUZI NNE 800,000. Alishangaa kidogo akaniambia, “Mama, wengi huandika jina lao.” Jina langu ninalijua. Nilichohitaji kukumbushwa kila ninapoingia chumbani ni kitu ninachokidundulizia, pamoja na kiasi chake. Fedha isiyo na jina hushindwa mara moja na pendekezo lolote lenye jina, maana dagaa ni kitu na vitenge ni kitu, wakati “akiba” ni neno tu lisiloshikika. Fedha ikishapewa jina la ovaloki, mtu anayeleta wazo la dagaa analazimika kulishindanisha na mashine, na mimi ninalazimika kujiuliza waziwazi kama nipo tayari kuiacha mashine. Mara nyingi nilijikuta nimeshapata jibu kabla mgeni hajamaliza chai.

Njia ya pili ni muda. Misumari haizuii kabisa. Nyundo ya makucha ipo nyumbani kwangu na ningeweza kukifungua kwa dakika chache. Inachofanya ni kuweka kazi kati ya tamaa na fedha. Lazima nitafute nyundo, nigonge, nyumba nzima isikie, baba watoto aulize kuna nini, na mwisho niwe nimeharibu sanduku la shilingi 7,000 ambalo nitalazimika kuliagiza upya. Gharama hiyo ni ndogo, na nadhani inafaa iwe ndogo, kwa sababu mtoto akiugua usiku hakuna mzazi atakayeihesabu. Lakini ni gharama inayoonekana na kusikika, na vishawishi vingi haviwezi kuilipa. Tamaa ya kitu kipya ni kali sana katika siku zake za mwanzo. Ikicheleweshwa kidogo, macho yanaanza kuona pia upande wa pili wa hesabu.

Nalinganisha na simu, kwa sababu wateja wangu vijana huniuliza kwa nini nisiweke tu kwenye simu. Huduma za kuweka akiba kwa simu zipo, baadhi zinatoa riba, na kwa anayetaka kutuma ada au kununua mzigo wa Dar es Salaam hazina mpinzani. Kwa kazi ninayoizungumzia hapa, hata hivyo, zina kasoro ya msingi: simu inayoshika akiba ndiyo hiyohiyo inayonionyesha bidhaa mpya, picha ya kitambaa, bei na namba ya kulipia. Tamaa na fedha vinakaa kwenye kioo kimoja, na kati yake kuna tarakimu nne za siri tu. Nimeona wenzangu wenye nidhamu kubwa kuliko yangu wakimaliza akiba ya msimu kwa njia hiyo bila kutoka kitini. Anayeweza kuacha fedha kwenye simu bila kuzigusa ana kipaji ambacho ninakiheshimu. Mimi na wengi ninaowafahamu hatuna.

Kuna kibubu cha aina nyingine ambacho mafundi hutengeneza, chenye mlango mdogo wa nyuma na kufuli, na wanunuzi wengi hukipenda kwa sababu hakiharibiwi kinapofunguliwa. Hapa inafaa kuutaja utafiti wa Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, uliochapishwa mwaka 2013, kwa kuwa ulifanyika magharibi mwa Kenya miongoni mwa watu wanaoishi kama sisi, wanachama wa vikundi vya kupeana fedha kwa zamu. Baadhi yao walipewa sanduku la chuma lenye tundu, kufuli na funguo, wakaombwa kutaja kitu cha afya wanachokidundulizia. Wengine walipewa sanduku kama hilo ila ufunguo ukabaki kwa wasimamizi, na halikufunguliwa mpaka kiasi kilichokusudiwa kitimie. Waliokaa na ufunguo wao wenyewe waliongeza akiba yao ya mahitaji ya afya kwa asilimia 66. Kufungiwa hakukuleta faida zaidi kwa watu wengi, kwa kuwa fedha iliyofungwa kabisa haisaidii dharura inapotokea. Waliofaidika na fedha kutengwa kwa lengo moja pekee walikuwa hasa wale wanaoombwa fedha mara kwa mara na ndugu na marafiki.

Mtu anaweza kuyasoma matokeo hayo na kusema kwamba kibubu cha kufuli kinanishinda hoja. Mimi ninayasoma hivi: sanduku lenye jina la lengo, lililo karibu na lisilomfunga mwenyewe kabisa, linatosha kubadili mwenendo wa mtu wa kawaida. Kibubu cha misumari kinakaa katikati ya masanduku yale mawili. Hakuna mtu mwingine anayeshika ufunguo wangu, kwa hiyo dharura ina mlango. Na hakuna ufunguo mfukoni mwangu, kwa hiyo kila kitenge kipya hakipati mlango huohuo. Wako pia wanaofaidika kwa kujifunga zaidi. Nchini Ufilipino, Nava Ashraf, Dean Karlan na Wesley Yin walichapisha mwaka 2006 matokeo ya akaunti ya benki ambayo mteja mwenyewe alichagua tarehe au kiasi, na hakuruhusiwa kutoa chochote kabla ya hapo. Asilimia 28 ya walioalikwa ndio waliokubali, lakini baada ya mwaka mmoja ongezeko la wastani wa akiba katika kundi zima lililoalikwa lilizidi lile la wasioalikwa kwa pointi 81 za asilimia. Benki hiyo iliwauzia pia wateja visanduku vya kutumbukizia fedha nyumbani, na ufunguo ukakaa benki. Ningefurahi kuona huduma ya namna hiyo kwenye matawi yetu ya mwambao.

Utafiti wa Kenya uligundua jambo lingine ambalo akina mama wa Mwanza hawahitaji kuambiwa, kwamba kuweka akiba kwa kikundi kuna nguvu kubwa sana. Mchezo wetu una kijumbe anayekusanya na kugawa, na ukiwa na zamu yako mwezi wa saba unaweza kupanga jambo la mwezi wa saba bila wasiwasi. Sijaacha mchezo kwa sababu ya kibubu, wala simshauri mtu kuuacha. Tofauti yake ni kwamba mchezo hutoa fedha kwa mkupuo mmoja, zikiwa hazina jina, na siku ya kupokea ndiyo siku ambayo vishawishi vinajipanga mlangoni. Utaratibu wangu ulikuwa kutoa kiasi cha mchezo kinachokwenda kwenye ovaloki na kukitumbukiza siku hiyohiyo kabla ya kukaa na mtu yeyote kuzungumza mipango. Vikoba nao wana uzuri wao wa mikopo na hisa, ila lengo langu lilikuwa kununua mashine bila deni.

Sasa niseme kasoro za kibubu, nazo si ndogo.

Ya kwanza ni wizi na moto. Fedha iliyoko nyumbani haina bima, wakati amana ya benki inalindwa na Bodi ya Bima ya Amana. Anayeishi chumba kimoja chenye majirani wengi, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi za milimani Igogo au Bugarika, lazima afikirie sana mahali pa kukiweka, na asikionyeshe kwa wageni. Maandishi yangu mekundu yalikuwa ya macho yangu na ya familia. Nilikigeuza ukutani kila nilipopata mgeni nisiyemfahamu. Kwa lengo linalozidi milioni moja au mbili ninashauri kivunjwe kikifika nusu na fedha zipelekwe benki, kisha kibubu kingine kianze.

Ya pili ni mchwa na unyevu. Paini isiyotiwa dawa huliwa haraka, na hewa ya ziwa wakati wa masika huzifanya noti zishikane. Kibubu changu kilikaa juu ya kabati, mbali na ukuta na sakafu, na noti zote zilitoka nzima, isipokuwa harufu ya vanishi ambayo ilinidhihirishia kwamba kilipakwa muda mfupi sana kabla ya kukabidhiwa. Mnunuzi akiache wazi kwenye hewa kwa siku kadhaa kabla ya kuanza kutumbukiza.

Ya tatu ni thamani. Mfumuko wa bei nchini umekaa karibu na asilimia 3 katika miaka ya karibuni, maana yake shilingi 800,000 zikilala mwaka mzima zinapoteza uwezo wa kununua wa kiasi cha shilingi 24,000, na kwa fedha zinazoingia kidogo kidogo hasara ni kama nusu ya hiyo. Kwa lengo la mwaka mmoja ninaikubali hasara hiyo, kwa kuwa njia zangu za awali zilinigharimu zaidi kwa makato na kwa ununuzi wa mambo yasiyokuwa lengo. Kwa lengo la miaka mitano siwezi kuikubali, na mtu wa lengo hilo aende benki au kwenye mifuko ya uwekezaji ya pamoja kama ile ya UTT AMIS, ambako fedha inazalisha.

Kuna pia suala la noti zenyewe. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa kipindi cha kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025 kubadilisha noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003 pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, na baada ya hapo hazikuwa tena fedha halali kwa malipo. Kibubu hakisikilizi taarifa ya habari. Mwenye kibubu aangalie kila noti kabla ya kuitumbukiza, na akisikia tangazo la namna hiyo asisite kukivunja.

Kasoro ya mwisho inahusu utengenezaji, na hapa seremala wangu anastahili lawama kidogo. Tundu alilolichonga lilikuwa pana kuliko inavyohitajika, kiasi kwamba ubapa wa kisu ungeweza kuivuta noti iliyolala karibu, na nililazimika kumrudishia alipunguze kwa kubandika kipande cha mbao kwa ndani. Alilitengeneza bila kudai malipo mengine, kwa maneno ya heshima, na kazi ya pili ilikuwa safi. Ubao wa chini nao ulipigiliwa misumari mifupi. Sarafu za shilingi 500 na 200 zikijaa zina uzito, na nilianza kuusikia ukilegea nilipokinyanyua kufagia. Kwa upande mwingine, maandishi yalikaa bila kubanduka, na kona zake zilikuwa sawa kabisa.

Kibubu pia hakikuambii kina kiasi gani, na wengine huona huo ni uzuri wake. Mimi niliona ni bora kuwa na daftari dogo la shule lililokaa juu yake, nikiandika kila ninachoingiza. Kuona jumla inapanda kulinisaidia sana katika miezi ya katikati, ambayo ndiyo migumu kuliko yote, kwa sababu hamasa ya mwanzo imekwisha na mwisho bado hauonekani. Ni katika miezi hiyo ndipo lile wazo la vizimba lilipofika, na nilipolifungua daftari niliona kwamba nimeshavuka nusu ya mashine. Sikuhitaji ushauri mwingine.

Ninayaandika haya nikimfikiria hasa mwanafunzi mmoja niliyemfundisha kushona, binti mwenye mkono mzuri kuliko wangu nilipokuwa na umri wake. Alianza kudunduliza cherehani yake mwenyewe. Akafika mahali pazuri, akahamishia fedha kwenye vipodozi. Vipodozi vilipoanza kuzoeleka kwa wateja akaviacha, akaingia kwenye mitumba ya Mlango Mmoja. Sasa anazungumzia kupika keki. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kibaya, na katika kila kimoja aliondoka kabla ya wakati wa kuvuna. Inaniuma kumwona bado anashonea kwenye cherehani ya kuazima. Nimemwagizia kibubu kwa seremala yuleyule, kimeandikwa CHEREHANI, na nimemwomba akiweke kwao.

Nami nilikivunja changu baada ya msimu wa sare, mbele ya baba watoto na watoto, tukahesabu, ikapungua kiasi kidogo nilichokijaza kutoka mauzo ya wiki ile. Ovaloki ipo kibandani. Nguo hazitoki tena nje ya mlango wangu kabla hazijakamilika, na mafundi wawili wa jirani sasa wananiletea zao.

Kwa hiyo ninakipendekeza kwa mtu mwenye lengo moja linaloweza kutimia ndani ya mwaka mmoja hivi, lenye bei inayojulikana, na anayepata fedha kwa vipindi: fundi, mama lishe, dereva wa bodaboda, mvuvi. Simpendekezei mwenye lengo la miaka mingi, wala mwenye nyumba isiyokuwa na usalama, wala anayetaka kuweka malengo matatu kwenye kibubu kimoja, kwa sababu hapo kila lengo litakuwa kisingizio cha kulichelewesha jingine. Fedha za ugonjwa zikae pembeni, kwenye kopo dogo au kwenye simu, ili nyundo isitafutwe kwa kila homa.

Unapoagiza, taja kwa seremala kwamba unataka tundu lisilozidi unene wa sarafu tatu, lenye kipande cha mbao kilichoinama kwa ndani ili noti isivutike. Misumari ya inchi moja na nusu kwenye ubao wa chini. Mbao zilizopakwa dawa ya mchwa. Na maandishi ya kitu na bei yake, yasiwe jina lako. Toa oda mwezi wa kumi au wa kumi na moja, kwa maana ikifika Desemba maseremala wengi wa Mabatini wana vitanda na makabati ya watu wanaohama, na kibubu kitawekwa nyuma ya foleni wakati fedha za sare zimeshaanza kuingia.